Nyasi ya Chini, Ng'ombe wa Juu

Mwaka wa 2007, nikiwa na miaka arobaini na moja, shida zilianza. Shamba la baba yetu kule Limuru liligawanywa, na kipande nilichopata kilitosha nyumba na kuku, basi. Nikamuuzia ndugu yangu mkubwa, nikanunua ekari tano upande wa Kitengela. Nilisoma hadi darasa la nne tu, lakini ardhi najua kuichagua.

"Utarudi," ndugu yangu aliniambia. "Na ukirudi, utalala kwa stoo ya nyasi."

Nikaapa sirudi.

Nilibeba miche ya plamu na mbegu ya viazi, maana hiyo ndiyo kazi niliyoijua. Kule juu ukungu unakuamkia mlangoni, unavaa koti hata ukienda kukama. Kuteremka Kitengela si safari ndefu, lakini masikio yanaziba, na ukishuka kwa gari hewa inakupiga kama ya jikoni. Mke wangu alifurahia kitu kimoja: githeri, yale mahindi na maharagwe, iliiva upesi. "Kule juu maji yanachemka ya bure tu," alisema. "Hapa yanachemka na moto kweli."

Plamu zangu zilitoa majani, zikakataa kuchanua, mwaka baada ya mwaka. Viazi navyo vilikuwa saizi ya gololi.

Jirani yangu, mzee Mmaasai wa umri wangu, alikuwa akija kwa ua kunicheka. "Huo mti wako umezoea blanketi la ukungu, mzee. Hapa nani ataufunika?"

Yeye alikuwa na kipande kizuri kando ya boma, nyasi hadi magotini, na hakuna ng'ombe ndani. Nikaona amelala, anaacha ardhi bure. Nikavaa kofia safi, nikaenda kumwomba anikodishie nilime.

Aliita wake zake waje wasikie. "Huyu mtu anataka kulima olokeri!" Walicheka mpaka na mimi nikacheka. Ndipo akanieleza: olokeri hailishwi wakati wa mvua. Inafungwa, nyasi inakauka ikiwa imesimama, na kiangazi kikikaza, ndama na ng'ombe wagonjwa ndio wanakula hapo.

"Na haiozi?" nikauliza.

"Iozeshwe na nini? Umeona ukungu hapa?"

Hilo swali lilinikaa kichwani. Kwetu ukikata nyasi leo, kesho ina uvundo, na jua likitoka ni la kuazima. Hapa shati linakauka ukiwa umelivaa! Nikang'oa plamu zote, nikafunga ekari nne, nikaacha nyasi ya hapo iote yenyewe. Mke wangu akasema, "Msimu mmoja, baba watoto. Ikikataa hii, tunarudi kwa ndugu yako."

Mvua ilipokwisha nilikata kwa panga. Nyasi ikakauka ikiwa bado na ukijani wake, ikinukia kama majani ya chai. Nikaishindilia kwa boksi la mbao, nikaifunga kwa kamba.

Mwezi wa saba, baridi ikiuma kule juu, ndugu yangu akapiga simu. Nyasi yake yote ilikuwa imeota ukungu mweupe.

"Uko na nyasi?"

"Iko."

"Ya kutosha?"

"Hata ya wewe kulalia."

Nikapanda Limuru na lori la kukodi limejaa. Ng'ombe wake walianza kuivuta kabla hatujashusha. Ndugu yangu alichukua konzi moja, akainusa. "Umeikausha na nini?"

"Na hewa ya kule. Hewa hiyo haiuzwi huku kwenu."

Usiku huo nililala kwa kitanda cha wageni. Stoo ilikuwa imejaa.

Niliporudi Kitengela, jirani yangu alinipa ndama jike, akisema mwenye olokeri hakosi ng'ombe. Tangu siku hiyo tunaitana Paashe, jina ambalo Wamaasai huitana mmoja akimpa mwenzake ndama.

Leo niko na ekari kumi na mbili, tisa ni za nyasi. Niko na lori moja, mashine ya kufunga nyasi, ghala mbili za mabati, nyumba ya mawe, na ng'ombe sita, wote uzao wa yule ndama. Mti wa plamu, sina.