Mstari Nyuma ya Binti wa Nyapara

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama zile nyumba za laini, za wafanyakazi wa chai, tulimokulia, kule kwenye mashamba ya chai upande wa Kericho. Nilidhani nitakuta hata jiko moja linafuka moshi. Wapi! Mabati yameng'olewa, magugu yamefika madirishani, na kwenye chai mashine moja ilikuwa ikinguruma na watu wanne tu nyuma yake, mahali ambapo zamani ungekuta akina mama wengi na vikapu mgongoni. Kiwanja cha shule bado kipo. Nilisimama pale nikakumbuka raunda, na moyo ukaniuma vilevile kama siku ile.

Raunda unaijua, au nikukumbushe? Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo, halafu anakimbia kuzunguka vituo vinne kabla wenzake hawajaurudisha. Mpira wetu ulikuwa makaratasi ya nailoni yaliyofungwa kwa uzi wa gunia, gongo letu mpini wa jembe, vituo vyetu mawe. Wasichana tulicheza baada ya masomo, tukiombea mvua ichelewe, harufu ya majani yanayokaushwa kiwandani ikitujaa puani na matumbo yakiwaza ugali na mboga ya managu. Mpira ukiingia kwenye chai, mpigaji alizunguka mara mbili huku sisi tukipekua vichaka na kulaumiana.

Aliyejua kuuingiza kwenye chai kila akitaka ni jirani yangu wa mlango wa pili. Mama yake alikuwa ametoka nyanda za magharibi kutafuta kazi, akamlea peke yake. Alikuwa msichana mwembamba, wa mkono wa kushoto, vidole vyeusi kwa utomvu kwa sababu Jumamosi alimsaidia mama yake kuchuma. Tulikula sahani moja, tukachapwa pamoja. Nikichelewa kufua, alikuja kunisaidia kukamua nguo bila kuombwa.

Mwaka wetu wa mwisho shule ya msingi, mwalimu mkuu wa sekondari moja ya bweni, mama mwenye sauti nzito, alikuja kutazama mechi. Alitaka msichana mmoja tu, mchezaji bora, amsomeshe bure mpaka amalize. Sote tulijua ni nani. Sisi wengine wazazi wangejikokota na karo mahali fulani. Jirani yangu, bila nafasi ile, masomo yalikuwa yamekwisha.

Asubuhi ya mechi mama alinimiminia chai, akasema bila kuniangalia, "Leo ukiulizwa nani anacheza mzuri, kumbuka ni nani anaandika mama yako kazi."

Aliyemwandika kazi ni nyapara. Kila alfajiri alisimama na kitabu chake akiita majina ya vibarua, na usipoitwa unarudi nyumbani na kikapu kitupu. Nyapara alikuwa na binti, naye alicheza raunda. Tusimkosee, mbio alikuwa nazo.

Siku hiyo jirani yangu alicheza mpaka wapinzani wakampigia makofi. Mpira wake wa mwisho ulipotelea kwenye chai usionekane tena, na mechi ikaishia hapo. Mwalimu wetu wa michezo alipaswa kutaja jina moja tu na kwenda zake. Lakini nyapara alikuwa amesimama ukingoni na fimbo yake, na mke wa mwalimu naye alikuwa kibarua wa chai. Mwalimu akakohoa.

"Hii mimi sitaingilia," akasema. "Watoto wachague wenyewe. Mlolongo!"

Mlolongo ndio uliokuwa desturi yetu hata ya kuchagua kiranja. Wanaoshindana wanasimama mbele, wamewapa wengine mgongo, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya anayemtaka. Walioitwa ni wawili, jirani yangu na binti wa nyapara. Nilimwona mama kati ya akina mama waliotoka kuchuma, bado amevaa epron yake ya plastiki, anatazama chini. Miguu yangu ikaanza kwenda. Nakwambia kweli, sikuiamuru. Nikajikuta nyuma ya binti wa nyapara, karibu kabisa, nanusa mafuta ya nywele zake.

Nyuma ya jirani yangu hakusimama mtu. Hata mmoja.

Binti wa nyapara aligeuka, akaona, akatoka mahali pake akaenda kusimama nyuma ya mwenzake. "Ni yeye!" alisema. "Si nyote mmeona? Ni yeye!" Mwalimu akamshika bega, akamrudisha. Anayeshindana hachagui, alimwambia. Yule mwalimu mkuu mgeni hakujua mambo ya kwetu. Aliona mstari mrefu, akaandika jina. Hapo jirani yangu naye akageuka. Aliutazama mstari wote polepole mpaka macho yake yakanifikia. Sikuwa hata nimejificha mkiani. Nilikuwa wa tatu.

Januari iliyofuata mimi nilikwenda sekondari, yeye akavaa epron.

Siku hizi anauza ovakado sokoni Roret. Nilimpitia siku hiyohiyo niliyotoka laini. Nyapara alishakufa, majina hayaitwi tena alfajiri, na wale akina mama wametawanyika kila mtu kwao. Hakuna aliyebaki wa kumwogopa. Nikaona basi, sasa naweza kusema. Nikaanza, nikakwama, nikaanza tena. "Ile siku ya raunda..."

Akacheka, akaniongezea ovakado moja. "Wacha hiyo, dada. Si hata mama yangu alikuwa anaandikwa na huyo nyapara? Kama ningekuwa kwa mstari, hata mimi ningesimama huko kwenu."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anitukane palepale sokoni, watu wasikie. Badala yake alinifungia ovakado kwenye gazeti, moja moja, zisije zikapondeka njiani, kisha akaniuliza mama anaendeleaje.