Mama Futi na Sentimita Themanini

Maneno "kompyuta imesema" nimeyasikia katika lugha tano, na kila mara aliyeyatamka alikuwa hajatoka nje ya ofisi siku nzima. Lakini sijamwona aliyeyakasirikia kama Mama Futi.

Mama Futi ni mpimaji wa visima wa idara ya maji. Jina alibandikwa kwa sababu ya futi lake la chuma, la mita hamsini, linaloning'inia kiunoni mwake mwaka wa ishirini na mbili sasa. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi huzungukia visima thelathini na kimoja. Husugua chaki kwenye ncha ya futi, hulitumbukiza, hulivuta, kisha husoma pale chaki ilipolowa: kina kutoka mdomo wa bomba mpaka maji yalipo. Ni kazi ya kuinama, husema, ndiyo maana wakubwa haiwafai.

Binti yake ameolewa mtaa wa chini. Ana mimba ya miezi sita, na maji anachota kwenye kisima cha mtaa kama kaya nyingine mia mbili. Ukipanda kutoka hapo dakika kumi unafika kiwanda cha ngozi, na nyuma yake shimo la majitaka lililojaa kromi, dawa ya kuivishia ngozi. Hiyo kromi ikizama ardhini inaelekea wapi?

Idara ikamwita mtaalamu atengeneze mfano wa hisabati. Mfano wenyewe ni kitu kizuri, sitausingizia. Ardhi hugawanywa miraba midogo kama daftari la hesabu, na kila mraba hupigiwa hesabu yake: maji kiasi gani yameingia, kiasi gani yametoka, yamebeba uchafu gani, na udongo umeung'ang'ania kiasi gani. Ila mfano haujui maji yanateremkia upande gani mpaka uambiwe usawa wake katika kila kisima. Na namba hizo zilitoka kwa Mama Futi.

Siku ya kikao, ukutani kwenye ukumbi wa idara ikaangazwa ramani ya rangi. Mishale yote ilitoka mtaa wa chini ikaelekea kiwandani.

"Kwa hiyo kromi haifiki mtaani hata baada ya miaka mia," mtaalamu akasema. "Kisima kibaki wazi."

Mkuu wa idara akaanza kupiga makofi. Mama Futi, aliyeketi nyuma karibu na mlango, akasimama.

"Samahani. Mishale imegeuka."

"Mama, hii ni hisabati," mtaalamu akamwambia, kwa sauti ya kumbembelezea mtoto mwenye homa.

"Na namba nimekupa mimi, baba. Maji ya kiwandani umeyaweka chini kuliko ya mtaani. Tangu lini?"

"Tangu miaka mitatu iliyopita. Namba zako ndizo zinasema hivyo."

Watu wakacheka.

"Miaka mitatu iliyopita walimwaga zege uani, wakaongeza kipande cha bomba juu ya kisima cha pale kiwandani. Maji hayakushuka, mdomo ndio uliopanda! Nimeandika kwenye safu ya maelezo. Kila mwezi. Mara thelathini na sita!"

Mtaalamu akamgeukia karani wa takwimu. Karani akatazama viatu vyake.

"Fomu ya kompyuta haina safu ya maelezo," akasema. "Huwa tunaiacha."

Huwa tunaiacha! Mtu anainama juani miaka mitatu, anaandika ukweli kwa herufi kubwa, na ukweli unatupwa kwa kukosa kisanduku. Hesabu haikukosea hata nukta moja. Ililishwa uongo, ikautafuna vizuri.

"Mama Futi, kaa," mkuu akasema. "Wewe kazi yako kupima."

Mtaalamu, nimpe haki yake, kesho yake alifuatana naye kiwandani. Mama Futi akapima kile kipande: sentimita themanini. Mtaalamu akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kompyuta magotini, akarekebisha. Maji ya kiwandani hayakuwa sentimita thelathini chini ya yale ya mtaani. Yalikuwa hamsini juu. Mishale ikageuka yote.

"Inafika lini?" Mama Futi akauliza.

"Mama..."

"Nimeuliza lini."

"Kwa mfano huu, ilifika mwaka jana."

Wakampelekea mkuu. Mkuu akasema ripoti imeshasainiwa, marekebisho yataingia ripoti ya mwaka kesho. "Haraka haraka haina baraka, mama."

"Basi nenda kaiambie hiyo kromi."

Akatoka, akateremka moja kwa moja mpaka kisimani, akawaeleza wanawake waliokuwa kwenye foleni.

"Kumbe!" jirani mmoja akasema. "Ndiyo maana mume wangu amekuwa mgumu kama soli!"

Wakaangua kicheko, lakini hakikudumu. Binti alikuwa ameshika ndoo iliyojaa.

"Sasa tunywe nini, mama?"

Kesho yake asubuhi Mama Futi alikuwa na jibu. Wanawake sitini na ndoo zao walijipanga kwenye bomba la uani kwa idara, linaloleta maji kutoka bwawa la mlimani.

"Hili bomba la serikali!" mkuu akafoka.

"Tunajua, bosi," Mama Futi akamjibu. "Tumekuja kunywa na serikali. Foleni ipite mbele ya gari lako au nyuma?"

Ilipita mbele na nyuma. Siku ya tano ambayo gari halikutoka, mkuu alisaini barua ya kufunga kisima.

Nilipoondoka, lori la maji lilikuwa likifika mtaani mara mbili kwa siku. Ripoti ya kwanza, yenye mishale ya uongo, bado ilikuwa kabatini, na sahihi zake zote. Majibu ya damu ya binti, aliyopimwa kutafuta kromi, yalikuwa hayajatoka. Mama Futi alipitia hospitali kila asubuhi kuyaulizia, na kila asubuhi mtu wa dirishani alimwambia mfumo uko chini, arudi kesho.