Nusu Chumba cha Mzee Lusajo

Nakumbuka Jumamosi moja ya Januari, mwanangu, nilipomnyamazisha mzee kwa kusema kweli.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nami sijafika thelathini. Nilifanya kazi kwenye ghala huko ughaibuni, katika mji wa Eagan, na saa za mapumziko nilisoma vitabu vya kuazima maktaba. Chuo sikukiona. Nilijifundisha mwenyewe kwa utaratibu: somo moja kwa msimu, daftari moja kwa somo. Msimu ule somo lilikuwa kasri la wafalme wa China, lile la Beijing, ambalo kwa karibu miaka mia tano raia wa kawaida alikatazwa kuingia.

Mzee Lusajo alikuwa fundi wa reli mstaafu kutoka Mbeya. Ujanani alipelekwa China kusomea kazi hiyo, na kasri lenyewe aliliona kwa macho yake. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Sasa aliishi Blaine, mji usio mbali na wangu, kwa binti yake, Dada Tusa, na huko asiye na gari hana pa kwenda. Alishinda dirishani akitazama theluji. Wajukuu wake wawili, Atu na Tumaini, walielewa Kiswahili lakini walijibu kwa Kiingereza, tena kwa kifupi. Dada Tusa aliponialika chakula aliniambia wazi, “Njoo umpe baba maongezi. Hawa watoto wanampita kama kiti.”

Baada ya kula, mzee aliona picha ya kasri katika kitabu cha shule cha Atu.

“Hapa nimefika,” akasema. Watoto wakageuka. “Vyumba vyake ni elfu tisa, mia tisa tisini na tisa, na nusu.”

Atu alizima televisheni bila kuambiwa. Tumaini alisogea karibu. Na mimi, mwanangu, daftari langu likaniwasha.

“Samahani, Mzee, hiyo ni hadithi tu. Wataalamu wamehesabu, havifiki elfu tisa. Tena wenyewe wanachokiita chumba ni nafasi iliyo kati ya nguzo nne.”

Tumaini alimtazama babu yake, akacheka, akasema kwa Kiingereza kwamba babu anatunga. Atu akawasha televisheni. Mzee alikunja mikono. “Haya. Mwenye kitabu amesema.”

Nilipokuwa nje nikikwangua barafu kwenye kioo cha gari, alinifuata, amevaa koti la binti yake.

“Umemaliza kunikwangua mimi, sasa unakwangua gari?”

“Nisamehe, Mzee. Lakini nilisema kweli.”

“Ulisema. Hata mwalimu wetu Mchina alituambia kuwa ni hadithi. Mimi nilikuwa naelekea kwenye ile nusu.” Akavuta pumzi, ikatoka kama moshi. “Walisema mbinguni kuna vyumba elfu kumi. Mfalme aliyejiita Mwana wa Mbingu akaogopa kulingana na mbingu, akapunguza nusu chumba. Mtu mwenye kila kitu, akaacha nusu. Nilitaka wajukuu zangu walichukue hilo, kisha ningewapa hesabu ya kweli. Wewe hukuweza kuacha hata robo.”

Niliacha kukwangua.

“Nina miezi minne hapa,” akasema. “Leo ndiyo mara ya kwanza wamenisikiliza.”

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wiki ile nilisoma tena daftari langu. Kumbi tatu kubwa za kasri lile ziliteketea kwa radi kabla hazijatimiza mwaka tangu zizinduliwe. Kuzijenga upya kulisubiri karibu miaka ishirini. Nilikuwa nimeyaandika hayo kwa mkono wangu, bila kufikiri kwamba yananihusu, kwamba neno langu moja lingeweza kuwa radi.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Blaine bila daftari. Nilimwamkia mzee, kisha nikawaambia watoto, “Wiki iliyopita nilimkatiza babu yenu. Kuna nusu chumba sikuwaachia msikie. Muulizeni yeye.”

Tumaini hakuinua macho kutoka kwenye mchezo wake. Atu akauliza, kwa Kiswahili cha kupapasa, “Nusu gani, Babu?”

Mzee alinitazama mimi kwanza, kama anayeuliza iwapo nimemaliza. Nilikuwa nimemaliza. Akaanza.

Sikwambii uifiche kweli, mwanangu. Hesabu ya vyumba bado naijua, na bado ni sahihi. Nakwambia umwache mwenye kusimulia afike mwisho, maana hujui anakokwenda. Akiwa amekosea, ngoja hadi mbaki wawili tu, hata kama ni nje kwenye baridi. Usimsahihishe mtu mbele ya wale anaotafuta kusikilizwa nao. Maji yakimwagika hayazoleki. Mimi nilibahatika kupata swali la mtoto mmoja, na yule wa pili alichukua muda mrefu zaidi.

Mungu akujalie kujua mengi, na pamoja na hayo akujalie moyo wa kuacha nusu.