Mjomba Aliyeila Keki Kabla ya Maharusi

Safari hii niliifunga kwa sababu mbili. Rehema, mtoto wa dada yangu, alikuwa anaolewa Butiama, na harusi bila mjomba ina walakini. Tena nilitaka kujithibitishia kwamba mtu aliyeanzishiwa insulini majuzi bado anaweza kula sherehe kama wenzake.

Ijumaa asubuhi niliondoka nyumbani Bweri, kichupa cha dawa nimekiweka ndani ya chupa ya chai yenye maji baridi kisipate joto. Mke wangu alinikumbusha maneno ya nesi: "Ukishachoma, ule ndani ya nusu saa. Usijifanye mjanja."

Mchana nilikuwa Bunda, Nyasura, kwa dada yangu Nyangeta, mama yake Rehema. Nampenda, ila ukimnong'oneza jambo asubuhi, jioni limeshafika kijiji cha Guta. Kwa hiyo sikumwambia. Alipochukua ile chupa ajimiminie chai, niliirukia kama golikipa.

"Kaka, una nini humo?"

"Dawa ya nguvu za kiume."

Dada mtu akaenda kuchemsha chai yake mwenyewe.

Jumamosi tukaingia Butiama. Baada ya ibada, MC akatangaza: "Chakula kipo tayari!" Nikajificha nyuma ya tangi la maji, nikajichoma tumboni, nikarudi meza kuu kifua mbele. Kumbe kabla ya chakula kuna nasaha. Baba wa bwana harusi alianza na ng'ombe wa babu yake, na hao ng'ombe hawakuwa na haraka. Jasho likanitoka. Mikono ikatetemeka, moyo ukadunda, watu nikawaona wawili wawili. Mbele yangu ilikuwepo keki. Nikaimega kwa vidole, na ua lake nikalimeza.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nyangeta akasimama: "Jamani, kaka yangu kazidisha ile dawa ya nguvu!"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nikapaza sauti, krimu imejaa mdomoni: "Ni insulini! Nina kisukari, sukari imeshuka!"

Mama wa bwana harusi ndiye hakucheka. Akanifungulia soda. "Kunywa, mjomba." Kisha akamgeukia mumewe: "Na wewe kaa chini. Chakula kwanza!"

Makofi yaliyopigwa hapo hata maharusi hawakuyapata. Nikiwa nakula, mzee mmoja akaniinamia sikioni: "Mimi mwenyewe nachomaga. Anajua mke wangu tu."

Jumapili, njiani kurudi, Nyangeta aliniuliza: "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, Bunda nzima ingejua."

"Bora ijue Bunda nzima, kuliko nije kukuzika."

Jioni nilifika Bweri, na sindano ya usiku nikajichoma sebuleni, mbele ya wageni, wali ukiwa tayari mezani. Nimejifunza kwamba ukificha ugonjwa unakosa wa kukufungulia soda. Na MC akisema chakula kipo tayari, muombe kwanza akuonyeshe sahani.