Stempu za Bi Zaina

Juzi mjukuu wangu aliloweka kanga mpya, maji yakageuka buluu, nikamkumbuka Bi Zaina, jirani yetu wa Kisarawe nilipokuwa mtoto. Mumewe alikuwa amefia Bama, katika Vita vya Pili vya Dunia, naye alikaa eda, chumba chake kikinukia udi. Alasiri moja alikubali kuniuzia stempu za barua za marehemu, zikiwa bado kwenye bahasha.

“Zimeshagongwa muhuri hizi, nipunguzie.”

“Lete senti tano, mwanangu, chukua zote.”

Nilijiona fundi wa kupatana bei. Kumbe hakuwa na nguvu ya kubishana. Nikakimbia nyumbani, nikaziloweka bahasha bakulini ili stempu zibanduke.

Mara nikasikia sauti yake kutoka dirishani kwake. “Bahasha nirudishie, mwanangu. Barua aliandikiwa na mwenzake, ila jina langu pale juu aliliandika kwa wino, kwa mkono wake mwenyewe.”

Bakulini, maji yalikuwa buluu.