Aliyepiga Si Aliyeitwa

Msimwonee huruma Gitonga. Nasema mapema, maana wapo wanaodai kwamba Mushagalusa alizidisha, na wengi wao hawajawahi kudhulumiwa hata kijiko.

Mushagalusa alikuwa mtu wa Bukavu. Mwaka 2007 alikuwa akiishi St Marys, kitongoji cha Sydney huko Australia, na mkewe Léocadie, na akibeba maboksi katika ghala moja la Minto, kitongoji kingine cha mji huo, ambako wenzake hawakujua lolote juu yake ila kwamba hapendi redio. Ujanani alikuwa Nairobi, akipiga gitaa la kukodiwa. Wenye bendi wakishindwa kipande fulani studio, yeye aliitwa, akakipiga, akalipwa, akaenda zake. Pesa alipewa na aliila. Hilo halikuwa neno.

Neno lilikuwa jina. Siku zile nani alisoma maandishi kwenye santuri? Mpigaji alijulikana kwa kuitwa: gitaa linapotaka kupanda, mwimbaji humtaja kwa sauti, na nchi nzima ikamjua. Gitonga alikuwa kijana wa suruali pana za bugaluu mwenye bendi ya roki, sauti anayo, vidole hana. Mushagalusa ndiye aliyempigia kile kipande kilichoufanya wimbo upendwe. Ulipotoka, akawanyamazisha wenzake kwenye baa wasikie atakavyoitwa. Redio ikasema, "Gitonga, wachome!" Mwizi alikuwa amejiita mwenyewe. Baa nzima ilimcheka Mushagalusa, na kicheko kile alivuka nacho bahari.

Sasa Wakenya wa Sydney wakamwalika Gitonga kwenye sherehe ya Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja wa hapo hapo St Marys. Elkana, mwenyekiti wao, alikuja kutafuta mpiga gitaa akiwa amejiandaa kubembeleza sana. Mushagalusa alikubali kabla chai haijamiminwa. Léocadie akamtazama mumewe, akajua kuna jambo.

Kwenye mazoezi Gitonga hakumkumbuka. Alikuwa na kitambi na miwani myeusi, na kilemba cha ukoka alichovishwa miaka thelathini nyuma hakijamvuka kichwani. Alimwagiza yule mzee Mkongo akae nyuma ya spika. Yeye angesimama mbele na gitaa lisilounganishwa waya. Mushagalusa aliitikia kwa adabu tele. Moyoni alikuwa na furaha ya paka aliyeona panya kajileta.

Siku ikafika, ukumbi ukajaa. Gitonga aliimba vizuri, tusimnyime lake. Akafika pale penyewe, akainua gitaa, akapaza sauti, "Gitonga, wachome!"

Mushagalusa akalaza kiganja juu ya nyuzi.

Ngoma za Arnaud, mpiga ngoma wa siku hiyo, zikazunguka, zikazunguka tena. Vidole vya Gitonga vilikuwa vikikimbia juu ya gitaa na hakuna kilichosikika. Mtu mmoja akacheka, kisha ukumbi mzima. Kicheko hicho kilimwingia Mushagalusa kitamu, wala hakuona haya.

Gitonga akarudi nyuma ya spika, jasho likimtiririka. "Mzee, mbona unaniua?"

"Ita mwenye kupiga."

"Kwani jina lako nani?"

Hapo ndipo Mushagalusa alipokasirika hasa. Miaka yote hiyo alidhani jina lake liliibwa. Kumbe halikuwahi hata kuulizwa.

"Mushagalusa," akasema kwa Kiswahili cha kwao Bukavu. "Ile njo jina yangu. Iseme kwa mikro, batu bote basikie."

Gitonga akalisema. Lilimtoka kwa tabu, kipande kipande, na watu wakalidaka na kulirudia.

Basi akapiga. Alitoka nyuma ya spika akiburuta waya wake, akasimama mbele ya Gitonga kiasi cha kumziba, akakipiga kile kipande chote bila doa. Kilipokwisha, pale mwimbaji anapopaswa kuurudia wimbo wake, akakianza upya. Gitonga alifungua kinywa, akakifumba. Mushagalusa akakianza tena. Watu walikuwa wakicheza, Elkana alikuwa akipunga mkono wimbo uishe, na Gitonga alikuwa amelivua gitaa lake bubu, amelishika kama mtu aliyeachiwa mtoto wa wenyewe.

Léocadie akasogea hadi jukwaani, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao. "Baba Divine, inatosha. Mgeni ameisha kupata haya."

"Bado," akasema Mushagalusa, akakirudia mwanzo.