Wifi kawanywesha nyungunyungu wangu maji ya ng'onda

Jamani, leo nimemfokea wifi yangu mpaka majirani wametoka nje kutazama.

Mnajua nafuga nyungunyungu kwenye beseni, kivulini nyuma ya jiko. Nawalisha maganda ya ndizi na majani ya chai, wao wananipa mbolea. Mchanga huu wetu wa Gede ulikuwa hauotishi kitu, sasa tunachuma mchicha kila wiki. Na wifi anaula!

Basi nimemaliza kuswali adhuhuri, natoka, namkuta kaliinamia beseni.

"Wifi, nimewapa maji wadudu wako. Jua la leo kali."

Maji gani?

Aliyorowekea ng'onda! Samaki wa chumvi!

"Umewaua! Chumvi inawachoma hao!"

Akacheka. "Samaki wanakula nyungunyungu kila siku. Leo nao wakionja samaki, kuna ubaya gani?"

Ubaya gani!

Nimemwaga beseni zima juu ya gunia, nikawasuuza mmoja mmoja kwa maji baridi, machozi yananitoka. Wengi wamelegea, hawajikunji tena. Waliosalia hawajai hata konzi.

Naye kasimama pale pale: "Makubwa! Tuweke matanga ya minyoo?"

Astaghfirullah, niliyomjibu siyaandiki hapa.

Sasa hivi kaja mlangoni, kainamisha kichwa. "Wifi, nisamehe. Sikujua."

Nimemwambia nimesamehe, maana Mungu anasikia.

Lakini anasikia na moyo wangu, na humo bado sijamsamehe.

Nyie mngeweza, leo leo?